Jinsi Njia ya Pumzi ya Mtoto Ilivyofunguliwa

Watu wengi hudhani kwamba kifua kikuu humdhuru mgonjwa kwa kuyala mapafu yake tu. Kwa mtu mzima mara nyingi ndivyo yalivyo. Kwa mtoto mdogo, walakini, iko hatari nyingine, nayo ni kuzibwa kwa njia ya pumzi. Historia ya tiba ya hatari hiyo yatufundisha kwamba kumwua adui ni jambo moja, na kuondoa madhara yake ni jambo jingine.

Mwaka 1876 daktari Mfaransa Joseph Parrot alieleza kwamba penye kidonda katika pafu la mtoto, tezi zilizo karibu nalo huugua pia. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kiletacho maradhi hayo. Mwaka 1912 Anton Ghon naye alionyesha kwa uchunguzi wa watoto waliokufa jinsi kidonda cha kwanza cha pafu na tezi hizo vifuatanavyo.

Tezi hizo zimeyazunguka matawi ya njia ya pumzi. Zikivimba, huyabana. Matawi ya mtoto ni membamba, na kuta zake ni laini. Tena upana wa njia ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa waweza kuongezeka mara 16. Tawi likizibwa kabisa, hewa iliyobaki ndani hunywewa na damu, na sehemu ile ya pafu husinyaa. Likizibwa nusu, hewa huingia mtoto avutapo pumzi lakini hushindwa kutoka, na pafu hujaa kama mpira. Pengine tezi hupasuka ikamwaga usaha mzito ndani ya njia yenyewe.

Madaktari wangewezaje kupaona mahali palipofichika hivyo? Mwaka 1897, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alipitisha bomba gumu katika njia ya pumzi ya mkulima mmoja, akautoa mfupa uliokwama humo. Tangu hapo njia hiyo iliweza kutazamwa kwa macho. Lakini kuona si kuponya, kwa maana dawa ya kuua vijidudu ilikuwa haijapatikana.

Dawa ilikuja mwaka 1943, Albert Schatz alipoigundua streptomaisini katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani. Mwaka 1952 ikafuata isoniazidi. Vifo vikapungua sana. Hata hivyo, watoto wengine walizidi kubanwa ingawa vijidudu vilikuwa vikifa, kwa sababu uvimbe ule hutokana na vita vya mwili wenyewe dhidi ya vijidudu.

Mwaka 1948 kotisoni, dawa ipunguzayo uvimbe, ilitumiwa mara ya kwanza kwa wagonjwa wa viungo huko Marekani. Je, ingefaa kwa watoto hawa? Wengi waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu, kwani dawa za jamii hiyo hudhoofisha kinga ya mwili. Mjini New York Rosa Lee Nemir na wenzake walilipima jambo hilo. Watoto wote walipewa dawa za kifua kikuu. Wengine waliongezewa predinisoni, na wengine vidonge visivyo na dawa, bila ya kujulikana nani amepewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963: predinisoni ilisaidia kufungua njia, hasa ilipotolewa mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako watoto wasiosaidiwa na vidonge. Hao, madaktari wapasuaji, wakiwemo wa Cape Town, huwafungua kifua, huipasua tezi na kuyatoa yaliyomo. Hawaing'oi yote, maana huwa imeshikamana na mishipa mikubwa ya damu.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yaliyothibitisha kwamba tiba ya miezi 18 yaweza kufupishwa ikawa ya miezi 6. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali miezi 4 kwa watoto wenye ugonjwa mwepesi. Lakini mtoto ambaye njia yake ya pumzi imebanwa hahesabiwi kuwa na ugonjwa mwepesi. Yeye hutimiza miezi 6.

Basi, mtoto akikohoa kwa zaidi ya wiki 2, au kifua chake kikitoa mlio usiotulizwa na dawa za pumu, yapasa apelekwe hospitali bila ya kukawia. Kazi ya miaka mingi ya madaktari haitamfaa kitu ikiwa watu wa nyumbani watangoja mpaka pumzi imwishie.