Vinasaba vya wazee wa Kilwa: vimesema nini, na vyako ni siri ya nani?

Huku kwetu Kilwa na Lindi swali la "wewe asili yako wapi?" halikuanza jana. Mmoja atakwambia ni Mmachinga, mwingine Mmwera, mwingine Mshirazi, na wapo wanaojibu "mimi Mswahili" na hawataki kuchimbwa zaidi. Kila tukigusa mada hii kipindini, simu na ujumbe huwa haviishi, na swali moja hurudi: ni kweli wanasayansi wamepima mifupa ya wazee wa Kilwa wakakuta walikuwa Waajemi?

Jibu fupi ni kwamba mifupa imepimwa kweli, lakini kusema "walikuwa Waajemi" ni kukata habari nusu. Kwa kuwa dakika za redioni hazitoshi, tumeona tuieleze hapa yote, pamoja na jambo linalomhusu kila aliye hai: nani ana haki ya kujua kilichomo ndani ya damu yako.

Nani walipimwa?

Utafiti huo ulichapishwa na jarida la kisayansi la Nature tarehe 29 Machi 2023. Miongoni mwa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya anayefundisha Chuo Kikuu cha South Florida, na David Reich na Esther Brielle wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Walisoma vinasaba vya watu 80 wa zamani. Miji ya pwani ilikuwa sita: Mtwapa, Manda na Faza kwa upande wa Kenya, na kwetu Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Mji wa saba ni Makwasinyi, ulioko bara ya Kenya. Wale wa pwani walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800.

Kupata vinasaba katika mfupa wa pwani si kazi rahisi, kwa sababu joto na unyevunyevu huviharibu mapema. Mfupa unaotegemewa zaidi ni ule mgumu ulio ndani ya fuvu, karibu na sikio. Nao huu ni mwili wa Muislamu aliyezikwa kwa heshima zake, hivyo ruhusa ya wenyeji ni jambo la kwanza. Kusimba ameeleza kwamba Mtwapa ilimbidi kwanza ajenge imani na wenyeji kwa miaka mingi, na kwamba makubaliano yalikuwa mifupa ipimwe na kuzikwa tena.

Walikuta nini?

Katika miji ya pwani, kwa watu wengi waliopimwa, zaidi ya nusu ya vinasaba ni vya Kiafrika, na hivyo vimetoka hasa kwa akina mama. Sehemu nyingine kubwa imetoka Asia, na kwa watu wachache hata ilizidi nusu. Katika sehemu hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kiasi kidogo kina asili ya India. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi, wakati Uislamu unaenea pwani. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni ikaanza kuongezeka.

Wamejuaje kuwa ni mama Mwafrika na baba Mwajemi? Kuna vinasaba ambavyo mtoto hupewa na mama yake tu, awe wa kiume au wa kike. Vipo vingine ambavyo baba humpa mtoto wa kiume tu. Ukivisoma vyote viwili kwa mtu mmoja, unapata njia mbili: moja inarudi kwa mama, bibi na mama wa bibi, nyingine kwa baba, babu na baba wa babu. Njia ya mama iliwarudisha karibu wote Afrika. Ya baba iliwapeleka wengi ng'ambo.

Mzee Mrimba hakusema uongo

Wenye masimulizi ya Kilwa Kisiwani watatabasamu hapa. Tarikh ya Kilwa, iliyobaki kwa Kiarabu na kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, inamtaja Ali bin al-Hasan aliyetoka Shiraz na kukinunua kisiwa kwa nguo. Katika masimulizi ya Kiswahili mwenyeji aliyeuza anaitwa Mrimba, na mgeni huyo anamuoa binti yake.

Kwa miaka mingi wasomi wengine waliona habari ya Shiraz ni ya kujikweza tu, watu wakitafuta ukoo mkubwa wa mbali. Kabla yao, wakoloni walidai kinyume chake: kwamba misikiti na majumba ya mawe yalijengwa na wageni, Mwafrika akiwa mtazamaji. Vinasaba vimezigonga hoja zote mbili. Waajemi walikuja kweli. Lakini walikuta wenyeji, maana watu walikuwa wakiishi Kilwa tangu karne ya 9 hivi, nao wakaoa katika nyumba za wenyeji. Watoto wakaongea lugha ya mama, na ndiyo maana Kiswahili hadi leo ni lugha ya Kibantu.

Ambacho utafiti haukusema

Kwanza, watu 80 si pwani nzima. Wengi wamezikwa karibu na misikiti au katika makaburi ya wenye nafasi. Mvuvi na mkulima wa pembeni ya mji hatujamsikia.

Pili, sehemu kubwa ya waliopimwa imetoka Mtwapa. Kilwa, Songo Mnara na Lindi zina watu wachache zaidi humo.

Tatu, haukumpima mtu yeyote wa leo wa Kilwa Masoko au Kivinje ili kumpa cheo. Watafiti wenyewe wanaeleza kuwa mchanganyiko uliendelea baadaye, hivyo watu wa leo hawafanani moja kwa moja na wale wa makaburini. Anayeutumia utafiti huu kumwambia jirani "wewe si mwenyeji" hajausoma.

Na vya aliye hai?

Neno vinasaba limebeba "nasaba" ndani yake, na hapo ndipo penye uzito. Ukitoa mate yako yapimwe, umetoa pia habari za mama yako, ndugu zako na watoto wako, ambao hawakuulizwa. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtuhumiwa wa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980 kwa kupitia vinasaba vya ndugu zake wa mbali waliokuwa wakitafuta ukoo mtandaoni. Yeye mwenyewe hakuwa amepeleka chochote. Hilo lilisaidia haki, lakini mlango ni uleule. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichukua taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Wateja wakabaki wakijiuliza taarifa zao zitauzwa kwa nani.

Hapa Tanzania ipo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayetaka kupima uhalali wa mtoto hajiendei tu. Ombi hupitia wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hii inaweka vinasaba na alama za mwili, kama za vidole, katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa yako ya maandishi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla hujatoa mate, damu au kidole

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019 tumezoea kuweka kidole kila tunapoambiwa. Nywila ikiibwa utabadilisha; kidole na vinasaba huna vya kubadilisha. Kwa hiyo uliza:

- Vinachukuliwa kwa kazi gani, na nani atavihifadhi?
- Vitakaa muda gani, na nikitaka vifutwe nifanyeje?
- Vitapelekwa nje ya nchi?
- Karatasi ninayosaini imeandikwa kwa lugha ninayoielewa?

Asiyeweza kukujibu, mwambie utarudi kesho. Mifupa ya Mtwapa iliombewa ruhusa kwanza. Aliye hai hastahili pungufu ya hapo.