Pombe Wakati wa Ujauzito: Mambo Ambayo Kila Mama Anapaswa Kujua

Ukinywa pombe ukiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni naye anaipata. Hakuna kiwango cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwake, na hakuna mwezi wa ujauzito ambao pombe haina hatari. Lakini madhara yanayotokana na pombe yanazuilika, na kuacha leo kunamsaidia mtoto hata kama mimba imeshakuwa kubwa.

Pombe humfikiaje mtoto?

Pombe unayokunywa huingia kwenye damu yako, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kupitia kitovu. Baada ya muda mfupi, kiwango cha pombe katika damu yake hukaribia kile kilichomo katika damu yako. Ini lako limekomaa na linaweza kuiondoa polepole. Ini la mtoto bado ni changa. Isitoshe, mtoto hukojoa ndani ya maji ya uzazi na kuyameza tena, kwa hiyo pombe hukaa naye kwa muda mrefu.

Katika miezi mitatu ya kwanza, pombe inaweza kuharibu viungo vinavyojengeka wakati huo, kama moyo na sehemu za uso. Ubongo huendelea kukua muda wote wa ujauzito, ndiyo maana unaweza kudhurika wakati wowote.

Madhara yanayoweza kutokea

- Mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa mfu.
- Mtoto kuzaliwa njiti, yaani kabla ya wakati.
- Kuzaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2.5.
- Kuzaliwa na kasoro za moyo, figo, macho au masikio.
- Ubongo kudhurika. Mtoto anaweza kuchelewa kuongea, kusahau upesi, kushindwa kutulia au kupata shida ya kuelewa masomo.

Matatizo haya ya mtoto yanayotokana na pombe kwa pamoja hujulikana kwa herufi FASD. Baadhi ya watoto huwa na macho madogo, mdomo wa juu mwembamba na sehemu bapa kati ya pua na mdomo. Wengi wao hawana alama yoyote usoni, na tatizo huonekana wanapoanza shule. Mtoto wa namna hii huitwa mtundu au mvivu, akachapwa kwa jambo asiloweza kulizuia.

Madhara ya ubongo hayaponi, lakini mtoto anayesaidiwa mapema huendelea vizuri zaidi. Ukiwa mzazi au mlezi na una wasiwasi, mpeleke kituo cha afya na ueleze kwamba mama yake alikunywa pombe wakati wa ujauzito, kama unalijua hilo.

Maneno utakayoyasikia

*"Bia si pombe kali, haina neno."* Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Toti ya mililita 30 ya pombe kali yenye asilimia 40 ina mililita 12. Chupa hiyo moja ya bia imezidi toti mbili.

*"Pombe ya kienyeji ni chakula."* Mbege, ulanzi, busaa, komoni na mnazi vyote vina kilevi, na mara nyingi huwezi kujua ni kiasi gani. Gongo au chang'aa inaweza pia kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua.

*"Bia nyeusi inaongeza damu."* Kinachosaidia ni madini ya chuma. Kula maharage, mboga za majani, dagaa na nyama ukiweza, na umeze vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki.

*"Pombe inaleta maziwa."* Pombe huzuia maziwa kutoka vizuri, na pia huingia kwenye maziwa yenyewe. Ukiwa unanyonyesha, ni bora kuiacha. Kunyonyesha mara kwa mara, kula na kunywa maji ya kutosha ndiko kunakosaidia.

"Nilikunywa kabla sijajua nina mimba"

Hili huwatokea akina mama wengi, kwa sababu wiki kadhaa hupita kabla ya kugundua. Haimaanishi kwamba mtoto wako lazima ameathirika. Acha sasa, anza kliniki mapema, na mwambie muuguzi ukweli: ulikunywa nini, kiasi gani na lini. Maelezo hayo yatamsaidia kufuatilia ukuaji wa mtoto. Kama unapanga kupata mimba, acha pombe kabla.

Ukiona kuacha ni vigumu

Kama unakunywa kidogo au mara chache, acha mara moja. Kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Nenda kituo cha afya ili uache ukiwa chini ya uangalizi. Nenda hospitali haraka ukipata yafuatayo baada ya kuacha:

- mikono kutetemeka na kutokwa jasho jingi;
- kutapika mfululizo;
- kuona au kusikia vitu visivyokuwepo;
- degedege.

Kama unakunywa kwa sababu ya msongo, huzuni au kipigo nyumbani, mweleze muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii jambo hilo pia. Linahitaji msaada wake.

Kwa baba, mama mkwe na majirani

Mjamzito anayeishi na wanywaji hupata shida kuacha. Baba, punguza au acha naye katika miezi hii, na pesa hiyo inunue chakula na mahitaji ya kujifungulia. Kwenye harusi, ngoma au matanga, mpe mjamzito maji, uji, juisi au togwa ambayo haijachacha. Akikataa kibuyu, asilazimishwe wala kuambiwa anaringa. Kama yeye ndiye anayepika pombe kwa ajili ya kipato, asiionje. Mtu mwingine amsaidie kazi hiyo.

Kwenye hudhurio lako lijalo la kliniki, uliza kuhusu pombe hata kama muuguzi hajakuuliza.