Posta ikitakiwa na tajiri: wenye hisa wadogo hubishania nini?

Desemba 2024 serikali ya Uingereza iliridhia shirika la posta la nchi hiyo, Royal Mail, linunuliwe na tajiri wa Jamhuri ya Czech, Daniel Křetínský. Shirika hilo huhesabu historia yake tangu mwaka 1516, enzi za Mfalme Henry wa Nane. Katika taarifa ya habari jambo kama hili huchukua nusu dakika. Hapa tunalieleza kwa nafasi, maana waliokuwa na uamuzi wa mwisho hawakuwa mawaziri peke yao. Walikuwamo pia watu wa kawaida waliokuwa na hisa chache chache, na maswali waliyokuwa wakiulizana yanaweza kumfikia hata mtu wa Mafinga.

Tuanze na neno lenyewe. Ofa ya kununua kampuni ni pale mtu au kampuni inapowaambia wenye hisa wote: niuzieni hisa zenu, kila moja kwa bei hii, mpaka tarehe hii. Haongei na mmoja mmoja sokoni. Anatangaza bei moja kwa wote, tajiri na maskini, na kwa kawaida bei hiyo huwa juu ya ile ya soko siku hiyo, kwani bila hivyo hakuna atakayejisumbua kumjibu. Bodi ya kampuni hutoa ushauri wake, lakini haiwauzii wenye hisa mali yao. Kila mwenye hisa anaamua kwa hisa zake.

Wananchi wa Uingereza walipataje hisa za posta? Oktoba 2013 serikali yao iliuza sehemu kubwa ya Royal Mail kwenye soko la hisa kwa peni 330 kila hisa. (Peni 100 ni pauni moja.) Waombaji walikuwa wengi mno. Mwananchi wa kawaida aliyefanikiwa alipewa hisa 227, thamani yake kama pauni 749, na walioomba za zaidi ya pauni 10,000 hawakupata kitu. Wafanyakazi nao walipewa asilimia 10 ya kampuni bure. Siku ya kwanza sokoni bei ilipanda hadi peni 455, na serikali ikalaumiwa kwamba imeuza mali ya umma kwa bei ya kutupa. Mwaka 2015 ilimalizia kuuza sehemu yake iliyobaki.

Baada ya hapo bei ikawa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2018 ilivuka peni 600, kisha ikaporomoka. Sababu haikuwa moja. Barua zimepungua: Royal Mail iliwahi kubeba barua bilioni 20 kwa mwaka, karibu na mwaka 2005, na sasa hazifiki hata nusu ya hizo. Kukaja migomo ya mwaka 2022. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023 kampuni mama, iliyokuwa imebadili jina na kuitwa International Distributions Services, ilitangaza hasara ya uendeshaji ya pauni milioni 748.

Wakati huo Křetínský alikuwa tayari ndani. Alikuwa amenunua hisa polepole hadi kupita asilimia 27, akasimama hapo. Kusimama kule kulikuwa na hesabu: kwa kanuni za Uingereza, anayefika asilimia 30 analazimika kutoa ofa kwa wenye hisa wote. Aprili 2024 akatoa ofa ya peni 320. Bodi ikakataa, ikisema anataka kuokota kampuni ikiwa imeanguka. Mwezi uliofuata akapandisha hadi peni 370, yaani 360 taslimu na 10 za gawio, na bodi ikakubali. Kampuni nzima ikawa imethaminiwa kwa takriban pauni bilioni 3.6.

Hapo ndipo mabishano ya wenye hisa wadogo yalipopata moto. Kabla ya habari za ofa, hisa moja ilikuwa ikiuzwa kwa peni mia mbili na kitu. Kwa hiyo upande mmoja ulisema: chukua hela. Kampuni inapata hasara, barua zinakufa, mdhibiti wa mawasiliano Ofcom ameitoza faini ya pauni milioni 5.6 kwa kuchelewesha barua, na Desemba 2024 akaitoza tena milioni 10.5. Ofa hii ikikataliwa, bei itarudi kule ilikotoka.

Upande wa pili uliangalia ndani ya gunia. Kampuni hiyo haikuwa na Royal Mail peke yake. Ilikuwa na GLS pia, kampuni ya vifurushi inayofanya kazi Ulaya na Amerika Kaskazini, na hiyo ilikuwa ikileta faida. Wakasema GLS peke yake inakaribia kufikia bei ile, kwa hiyo tajiri anapewa posta ya Uingereza kama nyongeza. Na aliyenunua mwaka 2013 akahesabu hivi: hisa zangu 227 nilizolipia pauni 749 zinanirudishia kama pauni 840. Ukiacha magawio aliyopata njiani, ni ongezeko la asilimia 12 kwa zaidi ya miaka kumi, wakati bei ya mkate na umeme imepanda kuliko hapo.

Mkulima wa miti wa Mufindi anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Mnunuzi anakuja shambani wakati una ada ya shule ya kulipa, mipaini yako ina miaka michache tu, anakupa bei iliyo juu ya ile ya jirani aliyeuza mwezi jana. Anajua unachohitaji. Wewe hujui vizuri anachokiona yeye kwenye shamba lako. Kwa maoni yetu, hilo ndilo swali la kwanza kwa mwenye hisa yeyote: mnunuzi ameona nini mpaka akaongeza bei? Ila tofauti ipo. Mti ukiuacha unaendelea kukua, na kampuni ya barua haina ahadi hiyo.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na wasiwasi wake. Kampuni nyingine ya Křetínský ilikuwa na sehemu katika bomba la Slovakia lililokuwa likipitisha gesi ya Urusi, na jambo hilo lilichunguzwa. Mwishowe serikali ilibakiwa na kinachoitwa hisa ya dhahabu: hisa moja isiyo na thamani kubwa ya fedha, lakini inayoipa haki ya kuzuia makao makuu na makazi ya kikodi ya Royal Mail kuhamishwa nje ya nchi. Chama cha wafanyakazi nacho kilipata ahadi kwamba wafanyakazi watapewa asilimia 10 ya gawio lolote litakalolipwa kwa mmiliki mpya. Na kukawa na ahadi ya kuendelea na huduma kwa wote, yaani barua ya kwenda kisiwa cha mbali cha Scotland kulipiwa sawa na ya mtaa wa pili London. Ahadi hiyo ndiyo inayogusa vijijini, na hata hiyo haikubaki ilivyokuwa: tangu Julai 2025, kwa ruhusa ya Ofcom, barua za daraja la pili hazipelekwi tena kila siku.

Aprili 30, 2025 hisa zilizokubaliwa zilitosha. Juni 2 kampuni ikaondolewa kwenye Soko la Hisa la London.

Je, Posta yetu inaweza kutwaliwa hivyo? Kwa namna hiyo, hapana. Shirika la Posta Tanzania lilianza Januari 1994, baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa, na linamilikiwa na serikali yote. Halina hisa sokoni, hivyo hakuna wa kumpelekea ofa. Ndugu yake, TTCL, alipita njia nyingine. Mwaka 2001 asilimia 35 yake iliuzwa kwa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani kwa dola milioni 120, na ikazuka mivutano baada ya kulipwa nusu tu. Hisa hizo zikapita mikono kadhaa hadi kwa Bharti Airtel, na mwaka 2016 serikali ikazinunua tena kwa shilingi bilioni 14.9.

Penye hisa za wananchi, mambo ni mengine. Oktoba 2021 Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg, ilitangaza kutaka asilimia 68.33 ya Tanga Cement. Tume ya Ushindani iliridhia, lakini Septemba 2022 Baraza la Ushindani likabatilisha kwa hofu ya soko la saruji kushikwa na wachache. Wenye hisa wadogo walikaa muda mrefu wakisubiri. Na hapa Mafinga ndipo yalipo makao makuu ya MUCOBA, benki ya wananchi iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2016. Hatusemi kuna mtu anaitaka. Tunasema wapo watu wa Mufindi wenye hisa za kampuni iliyo sokoni.

Kama nawe ni mmoja wao, au ulirithi hisa za mzazi, hakikisha jina na namba ya simu vilivyo kwenye akaunti yako ya hisa ni vya sasa, kwani barua ya ofa hutumwa kwa anwani iliyoandikwa. Dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ndiye wa kumuuliza, na bei za kila siku unaweza kuziona kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Ofa ya kweli huwa na waraka wenye bei, tarehe ya mwisho na maoni ya bodi. Akija mtu mlangoni na fomu ya kusaini leo leo, mwombe kwanza waraka huo.