Kinga-mgando, Wala Si Kilainishi

Fundi afunguaye plagi ya injini ya ndege ya Cessna, ikiwa hesi zake hazikupakwa kitu siku ilipotiwa, huenda akaiona ikitoka na vipande vya hesi za silinda, kwa sababu moto na mkazo, vikishirikiana saa baada ya saa, huzishikamanisha metali mbili hata zikawa kama kitu kimoja. Ili kuiepuka balaa hiyo hupakwa uji wa grisi uliochanganywa na unga wa shaba, wa nikeli au wa grafaiti; grisi huungua ikaenda zake, unga ukabaki kuwa hijabu baina ya chuma na chuma.

Uji huo tuuite nini? Mtu aweza kukimbilia kilainishi, neno litoshalo kwa mafuta ya injini, ilhali hapa lapotosha, kwani kilainishi ni cha vitu viendavyo, na plagi yatakiwa itulie mahali pake, kisha ikubali kutoka siku ya kufunguliwa. (Viungo vya ekzosi viingianavyo, navyo hupakwa uji huo, husogea kidogo bomba litanukapo, nakiri.) Kukwama nako ni kwa dau lililopanda mwamba. Kuganda ndilo neno lenyewe, lisemwalo kwa damu, kwa samli na kwa nati iliyogoma, nalo latuzalia kugandua. Basi mafuta mepesi yapenyezwayo katika nati iliyokwisha kugoma na yaitwe kigandua, na uji utanguliao kufunga uitwe kinga-mgando. Atakayesikia humo harufu ya maziwa mgando, na acheke, kisha alitumie.

Kwenye plagi hupakwa haba, hesi za mwanzo zilizo karibu na ncha zikiachwa tupu, kwani kinga-mgando ikitiririka hadi kwenye ncha, cheche hupotea. Kwenye ekzosi yafaa ya nikeli, istahimiliyo nyuzi zipatazo 1,300 za Selsiasi, hali ya shaba huishia karibu na 980. Na grafaiti huko haina karibu, maana kaboni yake hupenya katika chuma chenye moto kikaja kupasuka, na ndiyo sababu ni marufuku kulitia bomba alama kwa kalamu ya risasi, ambayo kiini chake ni grafaiti. Tena hesi iliyopakwa huteleza, hivyo nguvu ile ile ya spana huivuta boliti zaidi. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kadhi, kisemapo kipimo chake ni cha hesi kavu au iliyopakwa.

Fundi mwenye neno lililo bora kuliko kinga-mgando na alitoe, nami nitaliacha langu bila kinyongo.