Mpini na Mkono: Historia ya Ushikaji wa Kitara

Waswahili husema kwamba aliyeshika makali hashindani na aliyeshika mpini. Msemo huo hufasiriwa kuwa ni habari ya mnyonge na mwenye nguvu, na ndivyo ulivyo. Lakini waacha swali moja bila ya jibu, nalo ni hili: aliyeshika mpini aushike namna gani? Katika nchi za Italia na Ufaransa swali hilo liliwashughulisha walimu wa mchezo wa vitara kwa muda wa zaidi ya miaka 300. Lilitenganisha shule na shule, na mwishowe likaingia hata katika kazi za serikali. Ye yote asomaye vitabu vya kale vya mchezo huo hana budi kulielewa kwanza.

Asili yake ni upanga mrefu wa karne ya 16. Wapiganaji walianza kukipitisha kidole cha shahada mbele ya chuma kilichokingama baina ya mpini na bapa, kwa sababu kidole kilichokaa hapo huiongoza ncha vizuri zaidi kuliko ngumi iliyofumbatwa nyuma. Lakini kidole kilichopata uwezo kilipata na hatari. Basi wafua vyuma wakafanya mambo mawili: waliiacha sehemu ya bapa iliyo karibu na mpini bila ya makali, na wakaongeza pete za chuma za kukilinda kidole. Panga za namna hiyo ndizo zilizokuwa mikononi mwa watu zama za Camillo Agrippa, fundi wa majengo aliyetoa kitabu chake Roma mwaka 1553 na kuzipa namba namna nne kuu za kujilinda, na za Ridolfo Capo Ferro, ambaye chake kilitoka Siena mwaka 1610.

Hapo njia zikagawanyika. Nchini Ufaransa, katika karne ya 17 na ya 18, upanga ulifanywa mfupi na mwepesi. Vidole vilirudi nyuma vikashika mpini wenyewe, na zile pete zikapungua hata zikawa ndogo mno kupitisha kidole. Mpini wa Kifaransa umepindwa kidogo ili ukae kiganjani, na mwisho wake una kirungu cha chuma kisawazishacho uzito. Gumba na kidole cha shahada ndivyo viongozi; vile vitatu vilivyobaki ni wasaidizi. Walimu wa huko walizoea kuwaambia wanafunzi wakishike kitara kama mtu ashikavyo ndege mdogo: wasikaze hata wakamwua, wala wasilegeze hata akaruka.

Wataliani hawakukubali. Walikihifadhi kile chuma kilichokingama, wakavipitisha vidole viwili mbele yake, na mara nyingi wakafunga mpini na kifundo cha mkono kwa ukanda. Aliyeshika hivyo ana nguvu ya kulipiga bapa la mpinzani na kulisukuma kando, na si rahisi kunyang'anywa silaha. Mfaransa naye hujibu kwamba mkono uliofungwa haujui kusikiliza, na kwamba vidole vilivyo huru huhisi nia ya mpinzani kwa kugusana vyuma tu. Kila mmoja alikuwa na hoja ya kweli, na ndiyo sababu mabishano yale hayakwisha upesi.

Baada ya Italia kuunganishwa mwaka 1861, jambo hilo lilipata uzito mwingine. Jeshi moja lilihitaji mafundisho ya namna moja, hali kila mji ulikuwa na walimu wake na desturi zake. Wizara ya Vita ilitangaza mashindano ya kuandika kitabu cha mafundisho, na aliyeshinda ni Masaniello Parise, mtu wa Napoli. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1884, na mwaka huo huo akapewa uongozi wa shule ya walimu iliyofunguliwa Roma. Wafuasi wa Giuseppe Radaelli wa Milano, ambao mafundisho yao ya kitara cha kukatia yaliegemea mzunguko wa kiwiko, hawakuridhika, na malalamiko yao yaliendelea kwa miaka mingi. Hivyo desturi ya mji mmoja ilipata muhuri wa taifa.

Lakini muhuri hauzuii wakati. Katika karne ya 20 ulitokea mpini wa tatu, uliochongwa kwa kufuata umbo la vidole, uitwao mpini wa bastola. Huo humpa mchezaji nguvu karibu na ile ya Mtaliani bila ya ukanda. Leo ndio ulioenea katika foili. Katika epe, mpini wa Kifaransa haujaachwa, kwani waruhusu mkono kurudi nyuma hata karibu na kirungu, na mchezaji akapata urefu zaidi. Mwenye mpini wa umbo maalumu hana ruhusa hiyo: sheria yataka mpini wake uuweke mkono mahali pamoja tu, na ncha ya gumba isiwe mbali na kikingio zaidi ya sentimita 2. Mpini wa Kitaliani sasa ni nadra kuonekana.

Hapo ndipo ilipo hasara yetu sisi wasomaji. Mpini ukitoweka, maneno yaliyoandikwa kwa ajili yake hubaki yatima. Mtu wa leo akimsoma mwalimu wa Napoli akisifu pigo la nguvu juu ya bapa, asidhani kuwa ni ukali wa tabia. Kile chuma kilichokingama ndicho kilichomwezesha. Sisi tulio na tenzi za vita, kama ule wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, tuna deni la namna hiyo hiyo. Tumeyakusanya maneno ya silaha katika kamusi, lakini maana ya upanga haikamiliki mpaka tujue vidole vilikaa wapi. Wazee wanaojua majina ya sehemu za jambia na kitara wangali wapo katika miji ya pwani. Yafaa waulizwe, nao waombwe kuonyesha kwa mkono.