Nanasi la Jiwe la Uskoti: Bustani Iliyoficha Moshi Wake

Wadau, leo tuachane kidogo na habari za nani kaachana na nani. Twende Uskoti, karibu na kijiji cha Airth, si mbali na mji wa Stirling. Huko kuna bustani ya zamani iliyozungushiwa ukuta mrefu, na katikati ya ukuta wa kaskazini limesimama nanasi. Ndiyo, nanasi! La jiwe, lenye majani na vijicho vyake vyote, na jengo zima linafika kama mita 14 kwenda juu. Ukiliona mara ya kwanza utadhani mtu alikuwa anatania. Mwenye bustani hakuwa anatania hata kidogo.

Kwetu nanasi ni kitu cha kila siku. Ukipita Kiwangwa kule Bagamoyo unayakuta yamepangwa kando ya barabara, unachagua, unamenyewa, safari inaendelea. Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa habari nyingine. Asili ya tunda hili ni Amerika ya Kusini, na Columbus alikutana nalo katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Hata jina letu "nanasi" mizizi yake ni lugha ya wenyeji wa huko. Meli za matanga zilichukua wiki nyingi kuvuka bahari, na matunda mengi yalifika yameshaoza. Ukitaka nanasi zuri mezani ilibidi ulikuze huko huko kwenye baridi, jambo lililohitaji hela ya kuchezea. Inasimuliwa kwamba wasio na uwezo huo walikodi nanasi kwa usiku mmoja, likae mezani wageni walione, kisha lirudishwe kwa mwenyewe. Leo watu wanakodi gari la harusi, wenzao walikodi tunda.

Ukuta wenye joto ndani yake

Sasa unalikuzaje nanasi kwenye nchi ya theluji? Hapo ndipo ujenzi unapoingia. Bustani ya Dunmore ina eneo la takriban ekari sita, na imekaa kwenye mteremko unaotazama kusini ili ipate jua lote linalopatikana. Kuta zilizuia upepo, na mawe yake yalinyonya joto mchana na kulitoa taratibu usiku.

Ukuta wa kaskazini ndio uliobeba kazi kubwa. Ndani yake kuliachwa nafasi wazi, na matanuri yaliyowashwa yalisukuma hewa ya moto kupita humo. Mbele ya ukuta huo, upande wa bustani, zilijengwa nyumba za vioo zilizopata jua kutoka mbele na moto kutoka nyuma. Katika bustani za namna hii miche ilipandwa kwenye vyungu, na vyungu vikafukiwa ndani ya maganda ya miti yaliyokwisha kutumika kulainishia ngozi. Maganda hayo yakichacha hutoa joto la wastani kwa muda mrefu, hivyo mizizi haipati baridi. Tunda moja lingeweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Moto ukizimika usiku mmoja wa barafu, kazi yote imekwenda na maji.

Moto una moshi, na moshi unataka dohani. Lakini bwana mkubwa hakutaka wageni wake waone dohani. Basi zikachongwa kwa umbo la mitungi ya mawe ya Kigiriki, nne, zikapangwa juu ya ukuta kama mapambo. Mgeni anatazama mtungi mzuri, kumbe anatazama bomba la moshi!

Bwana mwenyewe

Mwenye mali alikuwa Earl wa nne wa Dunmore. Juu ya mlango wa upande wa bustani umechongwa mwaka 1761. Wengi huamini kwamba nanasi lenyewe liliongezwa juu baadaye, aliporudi kutoka Amerika, ambako Mfalme wa Uingereza alimpa ugavana wa New York kisha wa Virginia.

Virginia ndiko alikoacha alama nzito zaidi. Novemba 1775, walowezi walipoasi, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia jeshi lake watakuwa huru. Mamia kwa mamia walikimbia kumfuata, na wengi walikufa kwa ndui kambini. Lakini soma vizuri tangazo lile: uhuru ulikuwa kwa watumwa wa waasi tu. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa wake, na hao hakuwagusa.

Mikono isiyo na majina

Ukilikaribia nanasi hili utaona kwamba kila jani la jiwe limechongwa ili maji ya mvua yateleze na kuanguka. Maji yakituama yangeganda, yakipanuka yangepasua jiwe. Ndiyo maana baada ya zaidi ya miaka 200 ya baridi kali bado limesimama imara. Huyo fundi alijua kazi yake. Jina lake halijulikani, na hata mchora ramani ya jengo hajulikani kwa uhakika.

Pembeni mwa nanasi, kila upande, kuna kijumba kidogo. Humo waliishi watunza bustani, mlango wao ukiwa upande wa nyuma wa ukuta. Wageni walitembea kwenye maua, wao walikuwa nyuma pamoja na mkaa na majivu. Jengo lote lilipangwa hivyo: tunda lionekane, kazi isionekane.

Nyumba za vioo hazipo tena. Meli za mvuke zilipoanza kuleta mananasi kwa wingi katika karne ya 19, fahari ile ikaisha. Miaka ya 1970 jengo likaingia mikononi mwa taasisi za kuhifadhi urithi, likakarabatiwa, na vijumba vile leo hupangishwa kwa watalii. Siku hizi, wadau, kuna watu wanalipa pesa nzuri kulala pale alipolala mchochea moto.

Kwa hiyo siku ukiona picha ya nanasi lile mtandaoni, usiishie kwenye tunda. Shusha macho kidogo, itazame ile mitungi. Mle ndimo moshi wa watu ulimopita.