Pandai Sikek: Kijiji ambacho shamba hufuata kwa mama



Mwaka 2001 Indonesia ilitoa noti ya rupia 5,000. Mbele iliwekwa sura ya Tuanku Imam Bonjol, mwanachuoni aliyepigana na Waholanzi. Nyuma aliwekwa mwanamke amekaa kwenye kitanda cha mfumi, anafuma nguo. Mwanamke huyo ni mfumaji wa kijiji cha Pandai Sikek, kisiwani Sumatra. Mimi ni fundi cherehani, riziki yangu naipata kwenye nguo za harusi, kwa hiyo jicho langu lilikwenda nyuma ya noti kabla ya mbele. Lakini kila nilivyosoma habari za kijiji kile niliona kuwa yule shekhe wa mbele na yule mwanamke wa nyuma wanahusiana sana. Kinachowaunganisha ni ardhi, na suala la nani anairithi. Ndiyo maana nimeona nikuleteeni habari hii leo, khasa nyinyi mnaojiandaa kuolewa.

Indonesia si ngeni kwetu. Karafuu tunayoanika majamvini asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Na wengi wao hufuata madhehebu ya Imam Shafi, kama sisi.

Kijiji chenyewe

Pandai Sikek kipo miguuni mwa mlima Singgalang, Sumatra ya Magharibi, karibu na mji wa Padang Panjang. Upande wa pili wa bonde kuna mlima Marapi, ambao ni volkano hai. Majivu yake ndiyo yanayoipa nchi ile rutuba. Ni juu, kuna baridi, na maji hayakatiki. Watu hulima mpunga kwenye majaruba yaliyopangwa kama ngazi, na hulima mboga: kabichi, karoti, pilipili. Wakitoka shamba, wanawake hukaa kwenye kitanda cha mfumi.

Watu hao ni Waminangkabau. Ni Waislamu, na huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nyumba kubwa ya ukoo, yenye paa lililonyanyuka pembeni kama pembe za nyati, ni ya wanawake wa ukoo huo. Mashamba ya mpunga yaliyotoka kwa mabibi wa zamani hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Mbele ya nyumba kubwa husimama maghala ya mpunga. Kwa desturi yapo matatu, na kila moja lina kazi yake. Moja ni la chakula cha kila siku. La pili ni la mpunga wa kuuza, ili kipatikane kisichooteshwa shambani. La tatu halifunguliwi ila wakati wa njaa. Mwenye kukaa na mahesabu ya nyumba ajue kwamba hii ndiyo bajeti, tena ya miti, kabla hatujajua daftari.

Ardhi ile ya ukoo haigawanywi wala haiuzwi. Kila mwanamke hupewa sehemu ya kulima na kula mazao yake, kisha sehemu hiyo huenda kwa mabinti. Msimamizi wake ni mjomba, yaani kaka wa mama. Yeye ndiye anayesema kwenye baraza la ukoo na ndiye anayeangalia mali isipotee. Lakini mashamba hayo hayaendi kwa watoto wake mwenyewe. Watoto wake hawakosi, kwa sababu wao wana mashamba upande wa mama yao.

Bwana harusi anafuatwa

Hapa ndipo mabibi harusi wangu mtakapocheka. Kwa Waminangkabau, watu wa upande wa bibi harusi ndio wanaokwenda kumchukua bwana harusi kwao na kumleta. Ndoa inafungwa kwa walii, mashahidi na mahari, kama sheria ya dini inavyotaka. Baada ya hapo mume anahamia nyumbani kwa mke. Zamani mchana alikwenda kulima shamba la mama yake au la dada zake, na usiku anarudi kwa mkewe. Wana msemo wao kuwa mume nyumbani kwa mke ni kama majivu juu ya kigogo: upepo ukivuma, hayapo.

Msemo huo una ukali wake, na mimi sioni kuwa ni mfano wa kuiga. Lakini tazameni upande wa pili. Mwanamke akiachika, hafungashi sanduku usiku kutafuta pa kulala. Anayetoka ni mume. Watoto wanabaki palepale, shamba lipo palepale, ghala lipo palepale.

Kuna jambo jengine linalohusu harusi. Ardhi ya ukoo haiuzwi, ila inaweza kuwekwa rehani. Mwenye kutoa pesa hulima shamba mpaka atakaporudishiwa chake. Na hata rehani hiyo hairuhusiwi kwa kila shida. Adat, yaani mila yao, imetaja sababu nne tu. Ya kwanza, nyumba kubwa imeharibika na inavuja. Ya pili, kuna maiti ndani na hakuna cha kumzikia. Ya tatu, cheo cha mkuu wa ukoo kimelala na lazima kisimamishwe. Ya nne, msichana mkubwa yumo ndani hajaolewa kwa sababu uwezo wa kumuoza haupo.

Kwa hiyo kumuoza binti kuliwekwa kwenye orodha moja na kuzika maiti. Lakini lililoruhusiwa ni kumuoza, siyo kushindana kwa maua na taa. Sisi tunaouza nguo za harusi tunaona familia zinavyochukua mikopo kwa siku moja, na tungefaidika kujiuliza kama sababu zetu zingepita mbele ya wazee wale.

Haji aliyerudi na vita vilivyofuata

Sasa twende mbele ya noti. Mwaka 1803 hivi, mahujaji watatu wa Kiminangkabau walirudi kutoka Makka. Mmoja wao, Haji Miskin, alikuwa wa Pandai Sikek. Alikuta watu wanacheza kamari na kupiganisha majogoo kwenye ukumbi wa baraza. Aliwakataza, hawakusikia. Ukumbi ukatiwa moto. Watu wa kijiji wakakasirika, na Haji Miskin akalazimika kukimbilia kijiji cha jirani.

Kutokana na cheche kama hiyo ikazuka harakati ya Padri, iliyoenea milima yote ile. Walikataza kamari, kasumba, tumbaku na tambuu. Wanaume wakavaa kanzu nyeupe, wanawake wakatakiwa wafunike nyuso. Palikuwa na mema ndani yake, na palikuwa na damu pia, maana vijiji viliteketezwa na watu wa familia ya kifalme ya Minangkabau waliuawa. Na mfumo wa ukoo wa mama nao ukawekwa kwenye mizani: je, unakubaliana na Uislamu?

Mwaka 1821 wakuu wa mila waliokuwa wanashindwa waliwakaribisha Waholanzi wawasaidie. Mkoloni akiitwa kusaidia hatoki. Baadaye watu wa mila na watu wa dini walimpinga pamoja, lakini ngome ya Bonjol ilianguka mwaka 1837. Imam Bonjol akahamishwa mbali na kwao, na alifariki mwaka 1864 karibu na Manado.

Kuna sehemu moja katika kumbukumbu alizoziacha ambayo haisimuliwi sana. Vita vikiwa vinaendelea, aliwatuma watu wake Makka wakatafute elimu sahihi. Waliporudi na mafunzo tofauti na yale aliyokuwa akiyatumia, aliwakusanya wakuu na akarudisha mali zilizotekwa kwa Waislamu wenzake. Wakuu wa mila wakarudishiwa kazi zao za mila, na wanachuoni wakabaki na mambo ya sharia. Kauli wanayoishi nayo Waminangkabau mpaka leo ni kwamba adat imesimama juu ya sharia, na sharia imesimama juu ya Kitabu cha Allah.

Kahawa, kodi na mwanamke wa Manggopoh

Baada ya vita Waholanzi walitaka faida. Kuanzia mwaka 1847 wakulima wa milimani walilazimishwa kulima kahawa na kuipeleka kwenye maghala ya serikali kwa bei iliyopangwa na serikali. Hali iliendelea hivyo mpaka mwaka 1908. Ilipoondolewa, ililetwa kodi ya pesa taslimu.

Watu waliona kodi ile kuwa ni kulipishwa kwa kulima ardhi yao wenyewe. Juni 1908 mapigano yakazuka Kamang na Manggopoh. Katika waliowaongoza watu wa Manggopoh kuivamia kambi ya askari wa Kiholanzi alikuwemo mwanamke, Siti Manggopoh. Uasi ulizimwa na yeye alifungwa. Ukilima shamba lililotoka kwa bibi yako, mtu akija kulitoza utalitetea.

Suala la mirathi

Suala lililoachwa na Padri halikuisha. Shekhe Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa imamu na khatibu wa madhehebu ya Shafi katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Aliandika kwa ukali sana dhidi ya mali kurithiwa kwa njia ya ukoo wa mama badala ya mafungu ya Qur-ani. Kwake yeye huko kulikuwa ni kula mali ya warithi wa haki, wakiwemo mayatima. Hakurudi kuishi kwao, na alifariki Makka mwaka 1916.

Lakini mwanafunzi wake, Haji Rasul, aliyerudi kufundisha nyumbani, aliliangalia jambo hilo kwa njia nyengine. Alisema mashamba ya mabibi wa zamani si mali ya marehemu. Hakuna mtu mmoja anayeyamiliki, hayauzwi, na kila kizazi hula mazao yake tu. Kwa hali hiyo yanafanana na wakfu, na wakfu hauingii kwenye mirathi. Kile ambacho mtu amekichuma kwa jasho lake ndicho kinachogawanywa kwa faraidh.

Mwaka 1952 wanachuoni, wakuu wa koo na wasomi walikutana mji wa Bukittinggi na wakakubaliana kwa msingi huo. Mali ya juu, iliyotoka kwa mababu, hufuata adat. Mali ya chini, aliyoichuma mtu mwenyewe, hufuata sharia ya mirathi. Karibu miaka 150 ilipita tangu ule ukumbi utiwe moto, mpaka watu wakakaa kitako wakatenganisha mali moja na nyengine.

Mabishano bado yapo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 ilifungua njia ya hati, na hati ikishatoka kwa jina la mtu mmoja, shamba la ukoo huweza kuingia hatarini. Wanaume wengi, na sasa wanawake pia, huhamia miji mikubwa kutafuta maisha. Nyumba kubwa nyingi hufunguliwa kukiwa na harusi au msiba tu.

Nguo ya dhahabu

Nguo inayofumwa Pandai Sikek inaitwa songket. Mtande hutandikwa kwanza, kisha nyuzi za dhahabu au fedha huingizwa juu ya mshindio. Mfumaji huzihesabu nyuzi za mtande kwa vijiti, anyanyue hii, aiache ile, mpaka pambo litokee. Nguo moja inaweza kuchukua wiki nyingi hadi miezi. Mapambo yana majina ya kijijini: chipukizi la muanzi, mabata yanaporudi jioni, vipande vya kalamai, ambayo ni tamu yao ya unga wa mchele na sukari. Bibi harusi huivaa pamoja na taji zito la rangi ya dhahabu. Sasa mnaelewa kwa nini nasema yule mwanamke wa kwenye noti hakuwekwa kwa kupendezesha tu. Alikuwa na shamba nyuma yake. Mpunga wake ukiwemo ghalani, hana haja ya kuifuma nguo haraka haraka ili auze kwa bei ya njaa. Fundi yeyote aliyewahi kushona usiku kucha kwa sababu ya kodi ya nyumba anajua tofauti hiyo.

Na sisi?

Msione mambo haya ni ya Sumatra peke yake. Ngazija, Komoro, Waislamu wa Shafi kama sisi, wana ardhi ya manyahuli inayopita kwa wanawake, na bibi harusi huolewa kwenye nyumba iliyojengwa kwao. Wengi wetu tuna damu ya Ngazija na tumeshawasikia bibi zetu wakiitaja.

Mimi siwaambii mfuate adat ya watu. Sisi tuna faraidh, na Suratun-Nisaa imeshasema kuwa mwanamke ana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Tatizo letu ni kuwa hata hilo fungu wengi hatulichukui. Baba anafariki, shamba la mikarafuu lipo, na dada anaambiwa, "Wewe umeshaolewa, muachie kaka yako." Anaona haya kudai, anasema amesamehe, na baada ya miaka kumi anarudi na watoto hana pa kulaza kichwa. Huko si kufuata mila wala sharia.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana rangi ya gauni, muulize mama yako na bibi yako: familia ina ardhi gani, imetoka kwa nani, na ni ya namna gani? Ni wakfu, ni ya ukoo, au ni ya mtu aliyeichuma? Je, mirathi ya babu iligawanywa, na nani aliandika? Waulizeni wangali hai, kwa adabu, na mkiweza mpelekee Kadhi mapema kabla hayajawa magomvi. Waminangkabau walilipa kwa vita kulijua jibu la maswali hayo. Sisi tunaweza kulipata kwa kikombe cha chai na wazee wetu.

Allah atujaalie tupate haki zetu na tusile za wenzetu. Amin. Wallahu aalam.